Porti ya USB: umeme unazimwa na nani, na lini

Zima kompyuta ya mezani kwa `poweroff`, subiri feni zinyamaze, kisha geuza kipanya. Mara nyingi taa yake nyekundu bado inawaka. Anayeandika draiva huiona hiyo kuwa kasoro ya kerneli ya Linux, hufungua msimbo wa xHCI, yaani kontrola ya USB, huongeza mstari wa kuzima porti, hukusanya kerneli upya, na taa inaendelea kuwaka vilevile. Laini ya 5V inayofika kwenye porti, yaani VBUS, ina wenyewe wengi, na kerneli si lazima iwe ndiyo yenye swichi.

Kwenye bodi ya mezani VBUS mara nyingi hutokana na 5VSB, ile 5V ya akiba ya pawasaplai ambayo inabaki hai mradi waya umo ukutani. Kwenye laptopu ipo chipu ndogo inayoitwa EC, inayosimamia kibodi na betri, na ndiyo inayoamua kama porti ya kuchajia simu iendelee kutoa umeme baada ya mashine kuzimwa. Bodi ndogo za ARM hutumia regulata yenye mguu wa GPIO, mguu ambao programu huuwasha na kuuzima. Habu ya nje ina swichi zake ndani, au haina kabisa. Biti ya PP (umeme wa porti) ndani ya PORTSC, rejista ya porti katika kontrola, biti namba 9, ni ombi tu mbele ya wote hao. Kama kontrola haina udhibiti wa umeme wa kila porti, na hilo linasomwa kwenye biti ya 3 ya rejista ya HCCPARAMS1, kufuta PP hakuigusi volti hata kidogo.

Kwa hiyo taa ya kipanya itafutwe kwanza kwenye BIOS, kwenye chaguo ambalo kwa kawaida huitwa ErP. Umoja wa Ulaya tangu 2013 unataka mashine iliyozimwa isile zaidi ya wati 0.5, na chaguo hilo liliwekwa kwa ajili ya sheria hiyo. Kerneli hapo imeshaondoka zamani.

Kuzima si kulala kwa muda mrefu

Makosa mengi kwenye draiva za USB yanaanza pale mtu anapoandika njia ya kuzima kwa kunakili njia ya kulala. Kwenye kulala, utarudi wewe mwenyewe: hali yote unayo kwenye kumbukumbu, na unajua uliacha nini wapi. Kwenye kuzima hurudi. Atakayeikuta porti baada yako ni BIOS, au kerneli nyingine iliyoletwa na kexec, na hao hawajui lolote kuhusu ulichofanya. Cha kujiuliza kabla ya kuandika hata mstari mmoja ni hali gani mgeni huyo anatarajia kuikuta.

Mfano mzuri uko ndani ya kerneli yenyewe, mwaka 2022. Mashine za Intel Alder Lake P zilikuwa zinachelewa kuwaka. Kifaa cha USB chenye umeme wake mwenyewe kilikuwa kimelazwa katika hali ya U3, usingizi wa kiungo, kisha mashine ikazimwa. Kwa kuwa umeme wake hautoki kwenye porti, kifaa kiliendelea kulala U3 muda wote wa S5, yaani mashine ikiwa imezimwa. Mashine ilipowashwa, BIOS ilijaribu kuipeleka porti katika hali ya kutounganishwa, ikaikuta katika hali ambayo haikuitarajia, na amri ikangoja mpaka muda wake ukaisha.

Kiraka cha kwanza kilikuwa kile ambacho wengi wetu tungekiandika: ndani ya `xhci_shutdown()`, futa PP ya kila porti. Vipimo vya xHCI, sehemu ya 4.19.4, vinapendekeza hivyohivyo. Kikakubaliwa, kikaingia. Kisha zikaja ripoti: laptopu isiyozimika sawasawa, na vifaa fulani visivyotambulika baada ya mashine kuwashwa upya bila kukatiwa umeme. Mwaka huohuo kiraka kikaondolewa. Badala yake ikaja alama ya `XHCI_RESET_TO_DEFAULT`, inayowekwa kwa kontrola zilizotajwa kwa namba zao za PCI na si nyingine. Inachofanya ni kuita `xhci_reset()` baada ya kontrola kusimamishwa, kwa kikomo cha milisekunde 250, ili porti zirudi kama zilivyokuwa mashine ilipotoka kuwashwa. Mwaka 2023 njia hiyo ikapanuliwa hadi usingizi wa diski, S4: kwenye hatua ya `poweroff_late`, porti zilizo katika U3 ambazo hazikuruhusiwa kuamsha mashine zinazimwa, kwenye mashine hizohizo tu.

Kilichovutia kwangu ni kwamba kiraka kilichoondolewa hakikuwa na kosa la msimbo. Kilifuata vipimo neno kwa neno. Lakini vipimo vinaandikwa kwa kontrola, na nyuma ya kontrola kuna maelfu ya bodi ambazo waundaji wake waliunganisha VBUS kila mmoja kwa namna yake. Ukizima porti zote kwa kila mtu, unagusa bodi usizoziona. Ndiyo maana ukipata mashine moja yenye tatizo la porti wakati wa kuzima, andika alama kwa mashine hiyo. Njia ya wote iache kama ilivyo.

Mpangilio wa kuzima

Kinachotokea kwa `poweroff` au `reboot`, baada ya programu zote kufungwa, ni hiki. Kwanza kerneli inaita orodha ya waliojiandikisha kupitia `register_reboot_notifier()`. Kisha inaita `device_shutdown()`, ambayo inapita orodha ya vifaa kutoka mkiani kuja mbele: watoto kwanza, wazazi baadaye. Diski ya USB inapata `sd_shutdown()` kabla ya kontrola kupata `xhci_shutdown()`.

Hapo kwenye `sd_shutdown()` ndipo diski inapotumiwa SYNCHRONIZE CACHE, amri ya kumwaga kilicho kwenye akiba yake. Sasa fikiria draiva ya bodi inayokata VBUS kwenye notifaya ya reboot. Notifaya inatangulia `device_shutdown()`. Umeme umekatika, diski ina data ambayo bado haijaandikwa, na amri ya kuimwaga inakuja ikiwa hakuna wa kuipokea. Kwenye logi utaona makosa ya SCSI sekunde ya mwisho kabla skrini haijazimika, kama una bahati ya kuwa na koni ya seriali. Usikate VBUS kwenye notifaya. Ikibidi kukatwa, ikatwe kwenye `shutdown` ya kontrola, baada ya kontrola kusimama.

Upande wa pili wa mpangilio huu ni regulata iliyo kwenye kipanuzi cha GPIO kinachozungumza I2C, basi la waya mbili la chipu ndogo. Mtu anaamua kukata VBUS kwenye hatua ya mwisho kabisa, ndani ya kitendo cha kuzima mashine chenyewe. Kufika hapo intarapti zimezimwa, na draiva nyingi za I2C zinazitegemea. Bila njia ya `master_xfer_atomic` ujumbe wa I2C hautoki. Umeme haukatiki, na onyo la kerneli, `No atomic I2C transfer handler`, linatoka sekunde ya mwisho ambapo bila koni ya seriali hulioni.

Jingine linalouma kwenye ARM ni kontrola iliyosinzia. Nitatumia neno kusinzia kwa ile `runtime suspend`, kifaa kimoja kinapopumzika huku mashine iko macho, na kulala kwa mashine nzima. Kontrola isiyo na kifaa inaweza kuwa imesinzia, kloki zake zimefungwa, wakati `device_shutdown()` inaifikia. Ukisoma rejista ya kontrola isiyo na kloki, kwenye bodi nyingi utapata mashine iliyoganda au kosa la basi, na mashine inabaki imewaka na skrini nyeusi. Kwa sababu hiyo `usb_hcd_platform_shutdown()` inaanza kwa `pm_runtime_get_sync()`, na hakuna `put` inayofuata. Anayesoma mara ya kwanza hudhani ni kusahau. Imeachwa makusudi: mashine inazimwa, hakuna wa kurudisha hesabu. Ukiandika `shutdown` yako mwenyewe badala ya kutumia hiyo, chukua mstari huo pia.

```
static void bodi_usb_shutdown(struct platform_device *pdev)
{
	struct usb_hcd *hcd = platform_get_drvdata(pdev);
	struct bodi_usb *b = bodi_kutoka_hcd(hcd);

	usb_hcd_platform_shutdown(pdev);

	if (b->kata_vbus)
		regulator_disable(b->vbus);
}
```

Na kumbuka kexec inapita njia hiihii. Kontrola isiyosimamishwa inaendelea kuandika kwenye kumbukumbu kwa DMA, yaani bila kupitia prosesa, na kumbukumbu hiyo sasa ni ya kerneli mpya. Matokeo yake ni uharibifu unaoonekana dakika kumi baadaye mahali pasipohusiana na USB. Kusimamisha kontrola ni lazima. Kukata VBUS ni hiari. Ukichanganya uzito wa mambo hayo mawili utatetea mstari usiofaa kwenye mapitio.

Draiva ya kifaa cha kawaida, yaani iliyoandikwa kwa `usb_driver`, kwa miaka mingi haikuwa na `shutdown` kabisa, kwa hoja kwamba kontrola ikisimama basi limekufa na kifaa hakina la kufanya. Kerneli za karibuni zimeongeza `shutdown` kwenye `usb_driver`. Itumie kwa kifaa ambacho kweli kinahitaji kuambiwa kinyamaze, mfano kilicho na umeme wake na ambacho kitaendelea kufanya kazi bila kompyuta. Kwa kibodi au flashi haina maana.

Kulala: kazi ya draiva ya kifaa

Kifaa cha USB kinaingia usingizini kikikaa milisekunde 3 bila kuona chochote kwenye basi. Kikiwa usingizini hakitakiwi kula zaidi ya milliampea 2.5, ambazo kwa 5V ni milliwati 12.5. Linganisha na milliampea 500 ambazo kifaa cha USB 2 kinaweza kuomba kikiwa macho, au 900 kwa USB 3. Mashine inayotumia betri ya sola itaiona tofauti hiyo asubuhi: wati 2.5 kwa saa 12 ni watisaa 30.

Draiva yako haihusiki na volti hapa. Habu ndiyo inayoweka porti usingizini. Kazi yako ni kuhakikisha hakuna URB, yaani ombi la kutuma au kupokea data, iliyo njiani na hakuna kazi ya nyuma itakayotuma nyingine.

```
static int kifaa_suspend(struct usb_interface *intf, pm_message_t msg)
{
	struct kifaa *k = usb_get_intfdata(intf);

	spin_lock_irq(&k->kufuli);
	if (PMSG_IS_AUTO(msg) && k->inatuma) {
		spin_unlock_irq(&k->kufuli);
		return -EBUSY;
	}
	k->imelala = true;
	spin_unlock_irq(&k->kufuli);

	usb_kill_anchored_urbs(&k->njiani);
	cancel_work_sync(&k->kazi);
	return 0;
}
```

Bendera ya `imelala` isomwe chini ya kufuli hiyohiyo kila mahali panapotumwa URB, la sivyo kuna mwanya kati ya kusoma na kutuma. `PMSG_IS_AUTO` inatofautisha kusinzia na kulala. Kwenye kusinzia unaruhusiwa kukataa kwa `-EBUSY`, na kiini cha USB kitajaribu tena baadaye. Kwenye kulala kwa mashine nzima kukataa kwako hakusikilizwi, kosa lako linapuuzwa na safari inaendelea. Ukirudi mapema bila kuua URB zako zitafia njiani, na ukijaribu kutuma nyingine utapata `-EHOSTUNREACH`.

Kuna mkwamo mmoja unaojirudia kwenye draiva mpya hadi umekuwa kama msemo. Kazi ya nyuma, `kazi` kwenye mfano huu, inaita `usb_autopm_get_interface()` ili iamshe kifaa kabla ya kutuma. Wakati huohuo `suspend` inaita `cancel_work_sync()`. Kazi inangoja kusinzia kumalizike ili iamshe kifaa. Kusinzia kunangoja kazi imalizike. Hakuna anayetoka. Baada ya sekunde 120 kerneli, ikiwa imewekewa ukaguzi huo, inaandika kwamba kuna kazi imekwama. Tumia `usb_autopm_get_interface_async()` ndani ya kazi, au ichukue `get` yule anayeipanga kazi kabla ya kuipanga.

Kwenye `resume` na `reset_resume` omba kumbukumbu kwa `GFP_NOIO`. Kwa `GFP_KERNEL` kerneli inaweza kuamua kuandika kurasa kwenye diski ili ipate nafasi, na diski hiyo huenda ni ya USB, nayo bado imelala nyuma yako kwenye foleni.

Usipoandika `suspend` na `resume` kabisa, draiva yako haitaachwa hivihivi: kiini kinaiondoa kwenye kifaa kabla ya kulala na kuiunganisha nacho tena baada ya kuamka. Kwa kifaa kisicho na faili lililofunguliwa hilo si baya. Kwa modemu iliyounganishwa, mtumiaji anaona intaneti imekatika kila anapofunga kifuniko cha laptopu.

`reset_resume` inaitwa pale porti ilipopoteza umeme au kontrola ilipowekwa upya wakati wa usingizi. Kiini kinarudisha usanidi na mipangilio mbadala ya kiolesura. Kilichobaki ni chako, rejista za ndani za kifaa, kasi ya seriali, chochote ulichoandika kwenye `probe`. Draiva nyingi zinaweka `resume` na `reset_resume` kwenye funksheni moja. Inafaa tu ikiwa kifaa hakikumbuki kitu. Modemu yenye programu inayopakiwa kwenye RAM yake haitafaa: umeme ukikatika inarudi na namba nyingine ya bidhaa, kiini kinaona si kifaa kilekile, na kinakitendea kama kimechomolewa.

Hapo kuna hatari moja ya kweli. Kwenye `power/persist` kerneli inakubali kuunganisha tena kifaa kilichopoteza umeme kana kwamba hakijaondoka, ikilinganisha maelezo yake na namba ya seriali. Kisomaji cha kadi kina maelezo yaleyale hata kadi ikibadilishwa. Mtu analaza laptopu, anatoa kadi ya SD, anaweka nyingine, anaamsha; kerneli inaandika kwenye kadi ya pili jedwali la faili la kadi ya kwanza. Kwa mashine za namna hiyo andika 0 kwenye `persist` ya kisomaji.

Kukata umeme wa porti mashine ikiwa macho

Linux inaweza kufuta PP ya porti ambayo kifaa chake kimesinzia. Kila porti ina folda yake, mfano `/sys/bus/usb/devices/usb1/1-0:1.0/usb1-port2/`, na ndani yake `power/pm_qos_no_power_off`. Faili hiyo isipoonekana, habu imesema haina swichi. Ikiwepo, thamani yake ya mwanzo ni 1, yaani usikate. Ili porti izimike inabidi yote haya yawe sawa: uandike 0 hapo, `power/control` ya porti na ya kifaa ziwe `auto`, kifaa kisiwe kimeruhusiwa kuamsha kutoka usingizini (remote wakeup), na `persist` yake iwe 1. Likikosekana moja, porti inabaki na umeme na hakuna ujumbe wa kosa.

Kinachowashinda wengi ni porti pacha. Tundu moja la USB 3 ni porti mbili kwa kerneli, moja ya USB 2 na moja ya USB 3, zikishiriki VBUS ileile. Kiungo kinachoitwa `peer` ndani ya folda kinakuonyesha pacha wake. Andika 0 kwa zote mbili, vinginevyo hakuna kinachozimika. Kerneli yenyewe inatunza zamu: ya USB 2 inazimwa kwanza, na wakati wa kuwasha ya USB 3 inatangulia. Zamu hiyo ikigeuzwa, kifaa cha USB 3 kingeona laini za USB 2 zikiamka mapema, kikajiunga huko, na diski ya kasi ikaburuzwa kwa megabiti 480.

Kuanzia kerneli 6.0 ipo pia faili ya `disable` kwenye folda hiyohiyo ya porti. Ukiandika 1 porti inafungwa na, habu ikiwa na swichi, VBUS inakatwa. Ni njia rahisi kuliko kuhangaika na masharti ya kusinzia.

Kuhusu habu: `lsusb -v` itakuambia kama ni `Per-port power switching` au `Ganged power switching`. Ya pili maana yake porti zote ziko kwenye swichi moja, na volti haishuki mpaka porti ya mwisho iwe imezimwa. Raspberry Pi 4 iko hivyo. Huwezi kuzima tundu moja kati ya manne. Na habu za bei rahisi husema uongo. Chipu inatangaza swichi kwa kila porti, lakini aliyeunda bodi hakuweka transista, kaunganisha 5V moja kwa moja. Amri inakubaliwa, hali inasomeka imezimwa, taa inawaka. Multimita kwenye tundu ndiyo hakimu.

Hesabu moja kwa wanaozima na kuwasha porti ili kifaa kilichokwama kianze upya. Vipimo vya USB 2 vinataka habu iwe na angalau mikrofaradi 120 kwenye VBUS. Kifaa kinachokula milliampea 2.5 kitashusha kapasita hiyo kutoka 5V hadi 0.8V kwa 120 µF × 4.2 V ÷ 2.5 mA, yaani kama milisekunde 200. Ukizima na kuwasha ndani ya milisekunde 50, kifaa hakijaona umeme ukikatika, kimeona kushuka kidogo tu, na kile kilichokwama kinabaki kimekwama. Weka sekunde moja; kwa kifaa chenye kapasita kubwa za ndani, mbili au tatu. Kifaa kinachopata umeme wa pembeni, kwa HDMI au waya mwingine, hakitazimika hata ungoje mpaka kesho.

Bodi za ARM na regulata

Regulata ya VBUS inaelezwa kwa kerneli ndani ya device tree, faili la maelezo ya bodi:

```
usb_vbus: regulator-usb-vbus {
	compatible = "regulator-fixed";
	regulator-name = "usb_vbus";
	regulator-min-microvolt = <5000000>;
	regulator-max-microvolt = <5000000>;
	gpio = <&gpio1 12 GPIO_ACTIVE_HIGH>;
	enable-active-high;
	startup-delay-us = <20000>;
	off-on-delay-us = <250000>;
};
```

Ukisahau `enable-active-high`, regulata inachukuliwa kuwa ya kuwaka kwa sifuri, hata kama umeandika `GPIO_ACTIVE_HIGH` mstari wa juu. VBUS itawaka ukiizima na kuzima ukiiwasha. Kosa hili linajificha vizuri kwa sababu bodi nyingi zinawasha VBUS zenyewe kwenye bootloader, na kila kitu kinaonekana sawa mpaka draiva iiguse.

`off-on-delay-us` ndiyo ile hesabu ya kapasita hapo juu ikiwekwa mahali pake. `regulator-always-on` ikiwepo, `regulator_disable()` yako itarudisha sifuri na volti haitashuka. Na regulata zina hesabu ya watumiaji: mwingine akiishikilia, yako inapunguza hesabu tu. Ukizima mara mbili bila kuwasha, kerneli inalalamika `unbalanced disables`, na kwa kawaida chanzo ni `suspend` na `shutdown` zote kuzima bila kuulizana.

Kwenye `suspend` ya kontrola, uliza `device_may_wakeup()` kabla ya kugusa VBUS. Kibodi isiyo na umeme haiamshi mtu. Jibu likiwa ndiyo, acha VBUS na PHY, saketi inayotuma ishara kwenye waya, zikiwa hai. Jibu likiwa hapana: simamisha xHCI, zima PHY, funga kloki, kata VBUS mwisho. Kurudi ni kinyume chake, VBUS kwanza.

Habu iliyotiwa kwenye bodi yenyewe, yenye umeme na mguu wa reset wa pekee, usiiandikie draiva yako. Ipo `onboard_usb_hub`, ambayo tangu 6.10 inaitwa `onboard_usb_dev`. Inakata umeme wa habu wakati wa kulala isipokuwa chini yake kuna kifaa kilichoruhusiwa kuamsha mashine, na faili ya `always_powered_in_suspend` inakuwezesha kuikataza.

Kupima

Usianze kwa kulaza mashine kweli. Andika `devices` kwenye `/sys/power/pm_test`, kisha `mem` kwenye `/sys/power/state`. Vifaa vitalala, vitangoja sekunde 5, vitaamka, na logi utakuwa nayo. Washa ujumbe wa ndani:

```
echo 'module usbcore +p'  > /sys/kernel/debug/dynamic_debug/control
echo 'module xhci_hcd +p' > /sys/kernel/debug/dynamic_debug/control
```

Ukiona `root hub lost power or was reset` baada ya kuamka, kontrola imepoteza hali yake na kila kifaa chini yake kitapita `reset_resume`. Angalia `/sys/power/mem_sleep` kwanza: kwenye `deep` BIOS ina uhuru wa kukata VBUS, kwenye `s2idle` kwa kawaida haikati, na draiva inayofanya kazi kwenye moja ikafeli kwenye nyingine karibu kila mara ina `reset_resume` isiyokamilika.

Hali ya kila porti inasomeka kwenye `/sys/kernel/debug/usb/xhci/`, ndani ya folda ya kontrola, faili ya `portsc` ya kila porti. Isome hapo badala ya kuandika PORTSC kwa mkono. Biti ya 1, PED, inafutwa kwa kuandikiwa 1. Ukisoma rejista, ukabadilisha PP, ukairudisha nzima, umezima porti bila kukusudia, na umefuta alama za mabadiliko kuanzia biti ya 17 hadi ya 23. Ndani ya kerneli `xhci_port_state_to_neutral()` ipo kwa ajili ya hilo.

Kwa volti yenyewe tumia waya wa USB uliokatwa ganda, probu kwenye mwekundu na mweusi, multimita ikae hapo kupitia kulala, kuamka, kuzima na kuwasha. Vile vijiti vya kupimia vyenye skrini ndogo vinajilisha kwa VBUS hiyohiyo unayoipima, kwa hiyo kwa milliampea 2.5 za usingizi havifai kitu.